Kukizunguka Kisiwa cha Mombasa kwa Raba

Ukiitazama ramani, kisiwa cha Mombasa hakimtishi mtu. Hakina mlima, hakina mto wa kuvuka, na mwendo wa kukizunguka kwa barabara zinazopitika unakaribia kilomita 15 tu. Ndiyo maana wageni kutoka bara, hasa waliozoea vilima vya Ngong na Iten, hushuka kwenye treni Ijumaa usiku, Jumamosi wakaamka kwa raha zao, wakafunga kamba za raba saa mbili asubuhi, na kufikia saa tatu wameketi chini ya mbuyu wa Mama Ngina wakiulizana wamepatwa na nini. Wamepatwa na hewa. Anayetaka kukikimbia kisiwa hiki chote akafika salama inambidi aijue hewa yake kabla ya kuzijua njia zake.

Asiyeamini na akumbuke tarehe 24 Machi 2007. Siku hiyo mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika hapahapa kisiwani, kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa ameshinda mbio ndefu na mbio fupi za wanaume kila mwaka kuanzia 2002 hadi 2006, na waliomtarajia ashindwe walikuwa wachache mno. Umbali ulikuwa kilomita 12. Mzunguko wa mwisho nguvu zikamwishia. Zersenay Tadese wa Eritrea akampita, na Bekele akatoka njiani bila kumaliza. Moses Mosop na Bernard Kipyego wetu wakachukua fedha na shaba. Kwa wanawake alishinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyevaa fulana ya Uholanzi, mbele ya Tirunesh Dibaba. Wenyeji wa hapa bado wanausimulia mchana ule kwa jinsi walivyofurahi. Mimi nauchukua kama somo: ikiwa mtu wa namna ya Bekele alitolewa njiani na jua la Machi katika kilomita 12, wewe mwenye kazi ya ofisini na kitambi kidogo usione haya kutembea.

Sababu yenyewe si ngumu. Jasho halipozi mwili kwa kutoka tu, linapoza likikauka. Huko Eldoret hewa ni kavu, jasho linapotea kabla hujaliona, ngozi inapoa. Hapa hewa imeshashiba maji ya bahari, haina nafasi ya kupokea mengine, basi jasho linakutiririka hadi kwenye soksi bila kukusaidia chochote. Mwili ukiona haupoi, unapeleka damu nyingi zaidi kwenye ngozi, na damu ile ile ndiyo inayotakiwa miguuni. Moyo unaenda mbio kana kwamba unapanda mlima, na wewe uko kwenye lami tambarare kabisa.

Wanaosema kimbia alfajiri kuna ubaridi wamesema kweli, ila hawajamaliza. Alfajiri ndiyo saa isiyo na jua, lakini pia ndiyo saa yenye unyevu mwingi kuliko zote, mara nyingi asilimia 90 na zaidi. Kwa hiyo amka mapema kulikimbia jua, huo ni ushauri wa lazima, ila usitegemee kwamba utakwenda kasi kwa sababu bado ni giza. Machi joto la mchana hufika nyuzi 32 au 33, na hata usiku halishuki sana chini ya 24. Julai na Agosti, pepo za kusi zikiwa zimeshika, mchana huwa 27 au 28 na alfajiri 20 na kidogo. Kama una hiari ya kuchagua mwezi wa kuja kukizunguka kisiwa kwa mara ya kwanza, chagua hiyo miezi miwili. Kama huna hiari, punguza mwendo na upunguze majivuno.

Kupunguza mwendo maana yake nini? Aliyezoea kilomita moja kwa dakika tano huko bara asione haya kwenda kwa dakika sita, hata sita na nusu. Bora zaidi, iache saa nyumbani siku za mwanzo na upime kwa mdomo: ukiweza kumwambia mwenzako sentensi nzima bila kukata pumzi katikati, uko sawa, ukijibu kwa neno moja moja, umezidisha. Mwili hujifunza joto kwa siku kumi hadi kumi na nne hivi. Katika siku hizo jasho huanza kutoka mapema zaidi na chumvi inayotoka nalo hupungua. Basi mgeni wa wiki mbili aanze na nusu saa tu, kila siku au siku moja baada ya nyingine, na mzunguko wa kisiwa auweke mwisho wa safari yake. Mgeni wa siku tatu asijaribu kabisa mzunguko mzima. Akimbie Mama Ngina kwenda na kurudi, aoge, ale mahamri na mbaazi.

Sasa njia. Mzunguko wa kweli wa kando ya bahari haupo, kwa sababu upande wote wa magharibi umeshikwa na bandari: Kilindini, Shimanzi, maghala, matangi na mageti yenye askari. Usijaribu kupenya huko, na usisimame kupiga picha za meli wala feri, maana utapoteza asubuhi nzima ukijieleza. Unachofuata ni barabara zinazokizunguka kisiwa kwa ndani kidogo. Mimi nawashauri watu waanzie Fort Jesus, waende kaskazini, yaani wapite Mji wa Kale kwanza na Mama Ngina iwe ya mwisho. Sababu ni mbili. Ya kwanza, vichochoro vya Mji wa Kale vinapitika vizuri kabla maduka hayajafunguliwa. Ya pili, ukifika Mama Ngina umeshachoka na jua limetoka, na pale ndipo penye upepo wa bahari na vivuli vya mibuyu. Ukianza nao utakuwa umeutumia upepo wakati huna shida nao.

Na iwe Jumapili. Siku za kazi, kuanzia alfajiri, feri ya Likoni humwaga maelfu ya watu barabarani kila inapotia nanga, na hakuna mkimbiaji wa kupambana na wimbi lile. Jumapili pia malori yamepungua Makupa.

Ondoka saa kumi na moja na nusu, wakati waumini wameshatoka msikitini baada ya sala ya alfajiri. Ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 iko nyuma yako, barabara ya Mbarak Hinawy iko mbele. Kilomita hii ya mwanzo usiikimbie, ichezee. Kwanza mwili haujapata moto. Pili njia ni nyembamba, na kona zake huwezi kujua nyuma yake kuna nini: tuktuk imezima taa, mtoto ametumwa mkate, au mkokoteni wa maji wenye mitungi ya lita ishirini ishirini, na anayeusukuma hawezi kuusimamisha ghafla hata akitaka. Ukisikia "Simile!" nyuma yako, usigeuke kutazama. Bana ukutani, mkokoteni upite, kisha endelea. Chini kumetandikwa kabro, ambazo mguu mkavu huzipenda. Zikinyeshewa, hasa mahali ambapo jua halifiki na pameota ukungu wa kijani, zinateleza kama samaki. Masika ya Aprili na Mei tembea kwenye kona zote. Na paka, jamani. Paka wa Mji wa Kale hawamkimbii mtu, wao wanajiona ndio wenye mji, basi wewe ndiye uwapishe.

Utapita Msikiti wa Mandhry wenye mnara wake mfupi mnene, msikiti ambao asili yake inatajwa kuwa mwaka 1570, kisha uwanja wa zamani wa serikali na bandari ya majahazi. Mwenye miguu imara akitaka mazoezi ya kupanda, ngazi za Leven ziko karibu hapo. Jina lake limetokana na meli ya kivita ya nahodha Owen, aliyeuweka mji huu chini ya himaya ya Uingereza 1824 bila kutumwa na mtu, na wakubwa wake wakaikataa himaya hiyo miaka miwili baadaye. Ngazi zinashuka hadi majini. Shuka ukiwa umeshika ukuta, panda ukiwa unakimbia, kamwe usifanye kinyume chake, na uziache kabisa zikiwa na unyevu.

Kuna adabu ya kupita mtaa wa watu. Ukiwakuta wazee barazani na kahawa yao, punguza mwendo, toa salamu, ndipo uendelee. Salamu haikupotezei sekunde tano. Mzee atakuuliza, "Wenda wapi mbio namna hiyo, mwanangu, kuna moto?" Mjibu, "Salama babu, mazoezi tu," na siku ya pili atakuwa yeye ndiye anayekuambia njia ya mbele imefungwa kwa sababu ya harusi. Ukikuta watu wanatoka msikitini au maziko yanapita, simama kabisa, vua vitu vya masikioni. Usikimbie kifua wazi. Kaptula iwe ndefu inayofika gotini. Wapo watakaokuambia huo ni ushamba, lakini mtaa ule ni sebule ya wenyewe, na wewe unakatiza sebuleni kwao wakati wengine bado wako na nguo za kulalia.

Kutoka hapo njia inapanuka. Pitia Kibokoni, utokee barabara kuu, uelekee Daraja la Nyali. Daraja hili lilifunguliwa 1980 kuchukua nafasi ya lile la zamani lililoelea majini tangu 1931, na ndilo mlima wa pekee wa Mombasa: karibu mita 400, linapanda taratibu na kushuka, lina njia ya waenda kwa miguu. Kama mzunguko wako ni wa kisiwa tu huna haja ya kulivuka. Lakini anayejiandaa kwa mbio za huko bara na hana kilima cha kufanyia mazoezi, hapa ndipo pake, apande na kushuka alfajiri Jumapili, akikaa upande wa njia ya miguu muda wote. Moshi wa matatu ukianza kuzidi, mazoezi yameisha.

Kutoka daraja ingia Buxton, kisha Tudor kwa barabara ya Tom Mboya, ukipita Chuo Kikuu cha Ufundi. Tudor kumetulia, miti ipo, na bahari ya hori unaisikia harufu tu. Kisha Makupa. Kipande hiki mpaka Mwembe Tayari sina la kukisifia: moshi, vumbi, makondakta. Kaa kwenye njia ya miguu, usishindane na pikipiki, kipite. Katiza kwenda Moi Avenue, pita chini ya sanamu za pembe za ndovu kama wapigwa picha wote, halafu shuka Nyerere hadi karibu na feri na upinde kushoto.

Hapo ndipo Mama Ngina. Tangu ilipotengenezwa upya 2019 kuna njia pana za kutembea, viti, na taa, na mkondo wa meli uko chini yako; meli ya makontena ikiingia unaiona kama jengo linalotembea. Wakati wa kusi upepo unakupiga usoni. Usiulalamikie, ndio unaokausha jasho. Hapa ndipo wanapokimbia wenyeji wengi, alfajiri na jioni, na asiye na mwenza hupata mwenza. Ukimaliza Mama Ngina, pita uwanja wa gofu na mnara wa taa, ingia Kizingo, na Fort Jesus iko mbele yako tena.

Niseme habari ya maji, kwa sababu ndiyo inayowaangusha watu. Kisiwa chetu hakina mto wala bwawa. Visima vyake vingi vina chumvi, na maji ya bombani yanatoka mbali: Marere katika vilima vya Shimba, Tiwi, Baricho kwenye mto Sabaki, na Mzima huko Tsavo, ambako bomba lililolazwa miaka ya 1950 linakimbia zaidi ya kilomita 200 kabla halijatufikia. Hayatoshi, ndiyo maana hupita kwa zamu na mikokoteni ya mitungi haikomi. Kwa hiyo usiondoke nyumbani ukidhani utakuta mfereji njiani. Na ukiukuta, maji ya kisima au mfereji usiyoyajua mwagia kichwani, usinywe.

Beba chupa ya nusu lita mkononi au kiunoni, na pesa kidogo kwenye simu ya kununua nyingine. Maduka ya Tudor hufungua mapema. Ukifika hapo umeshamaliza nusu ya kwanza ya maji yako, basi jaza. Kunywa mafunda machache kila baada ya robo saa, usingoje kiu ikukabe, na pia usinywe kwa kujilazimisha. Hili la pili watu hawalijui. Katika Marathoni ya Boston ya 2002 walipimwa damu wakimbiaji 488 waliomaliza, na asilimia 13 wakakutwa chumvi ya damu imeshuka chini ya kiwango. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale waliokunywa hadi wakaongeza uzito njiani. Kichwa kinauma, tumbo linavimba, mtu anachanganyikiwa, na wenzake wanazidi kumnywesha maji wakidhani ni kiu.

Njia ya kujua kiasi chako haina gharama. Jipime kwenye mizani kabla ya kutoka, ukiwa umeshakwenda msalani, na ujipime tena ukirudi baada ya kujifuta jasho. Kila kilo iliyopungua ni kama lita moja ya maji iliyotoka zaidi ya ulichokunywa. Mtu wa kilo 70 akipoteza kilo moja hivi hana shida; akipoteza mbili, safari ijayo aongeze kunywa au apunguze umbali. Akirudi ameongezeka, alikunywa kupita haja.

Kwa mwendo wa zaidi ya saa moja, maji matupu hayatoshi. Huna haja ya vinywaji vya rangi vya bei kali. Lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi: ndicho kipimo kile kile wanachofundishwa mama wenye watoto wanaohara. Kamulia ndimu, weka kwenye jokofu usiku. Asiyependa utamu mwingi apunguze sukari, ila chumvi isizidi hapo. Madafu ni mazuri sana baada ya mbio, lakini yana chumvi kidogo ya ile inayotoka na jasho, basi yafuatishie na kitu cha chumvi, hata mihogo ya kukaanga. Mwenye shinikizo la damu au sukari amuulize daktari wake kwanza.

Ramadhani haisimamishi mazoezi, inabadilisha saa. Wapo wanaokimbia mwendo mwepesi nusu saa kabla ya magharibi, wakimaliza wanafuturu. Inawezekana kwa aliyezoea, lakini kwa joto la hapa mimi napendelea baada ya tarawehe: umeshafungua kwa tende na maji, ukala kidogo, na Mji wa Kale uko macho hadi usiku wa manane, kwa hiyo hata usalama ni mzuri. Futari nzito iweke baada ya kukimbia. Na kabla ya daku usisahau maji.

Dada zangu, hili ni lenu. Anayesema Mji wa Kale hauruhusu mwanamke kukimbia hajaamka mapema. Wanakimbia, wengi kwa makundi, na hasa Mama Ngina. Shida kubwa ni nguo zaidi kuliko macho ya watu. Buibui la kitambaa kizito linashika jasho na kuwa mzigo, na dera linanasa miguu kwenye ngazi. Suruali nyepesi ya jezi na kanzu fupi pana ya kitambaa hicho hicho inayofika juu ya goti, pamoja na hijabu ya michezo ya tabaka moja, inasitiri na inapitisha hewa. Pamba inapendeza dukani, lakini ikishalowa haikauki. Nendeni wawili au zaidi, mkiwa na mtu nyumbani anayejua njia yenu na saa ya kurudi. Ushauri huo wa mwisho ni wa wanaume pia: giza likiwa bado zito, sehemu zisizo na watu za Tudor na Mbaraki hazina haja na ushujaa wako, na simu ikae mfukoni.

Anayetaka mchanga hatauona kisiwani, inambidi avuke kwenda Nyali. Mchanga mgumu wa kukimbilia ni ule uliofunuliwa na maji kupwa, na hapa wakimbiaji wengi hawaangalii mwezi. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hujaa saa kumi na kumi na moja, alfajiri na jioni, na kupwa saa nne na saa tano. Yaani ukifika ufukweni saa kumi na mbili asubuhi siku hizo, utakimbia kwenye mchanga mlaini wa juu, umeinama upande mmoja, na kifundo cha mguu kitakudai. Subiri mwezi ufike tisa au kumi, au ishirini na tatu hivi. Maji yanakuwa yamepwa alfajiri. Hayaendi mbali kama ya bamvua, lakini njia inatosha. Muulize mvuvi yeyote, atakuambia saa bila kutazama karatasi. Vaa raba: mwamba na viumbe wenye miiba havimjali mtu.

Sasa la hatari. Dalili za joto kumzidi mtu hazianzi kwa kuanguka. Anaanza kusikia baridi na vinyweleo kumsimama wakati jua linawaka, anapata kizunguzungu, kichefuchefu, anayumba, anajibu maswali ovyo au anakuwa mkali bila sababu. Hapo mbio zimekwisha. Mtoe juani, mvue fulana, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa chochote kilicho karibu, mwekee barafu shingoni, kwapani na kwenye mapaja. Maduka ya samaki na ya soda hayakosi barafu. Kama hajitambui, usimnyweshe kitu, piga simu kuita msaada huku ukiendelea kumpoza. Joto la ndani likipita nyuzi 40 na akili ikachanganyika, dakika ndizo zinazookoa. Kosa linalofanyika sana ni kumbeba mtu akiwa na moto wote ule, akakaa kwenye tuktuk nusu saa ndani ya msongamano. Apozwe kwanza pale pale, safari ya hospitali ifuate.

Yaliyobaki ni madogo, lakini ndiyo yatakayokufanya uchukie kukimbia hapa usipoyajua. Paka mafuta ya mgando mapajani, kwapani na kwenye chuchu kabla ya kutoka, maana nguo iliyolowa kwa saa moja inachubua ngozi. Soksi za pamba ziache. Kucha zikate. Ukirudi, usiingie moja kwa moja kwenye chumba cha kiyoyozi. Tembea dakika kumi, kaa kivulini, mwili ushuke wenyewe. Raba zako zimejaa jasho na chumvi, na katika hewa hii zitabaki mbichi siku mbili na kuanza kunuka. Toa soli za ndani, suuza kwa maji baridi kidogo, jaza magazeti ya jana, ziweke kivulini penye upepo, si juani, kwa kuwa jua la hapa hukakamaza gundi mpaka soli zikaachana. Mwenye uwezo awe na jozi mbili azibadilishe.

Na mzunguko wa pili usiufanye kesho yake.